Msichana Aliyemfuta Mama Adong

Siku ya soko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, huwezi kupiga hatua tatu bila kuomba njia. Wakongo wanavuka na vitenge na mafuta ya mawese, watu wa upande huu wanawauzia sabuni na maharagwe, na boda boda zinapita katikati ya yote kana kwamba barabara ni tupu. Ijumaa moja ya mwaka 2015, Rusi alikuwa amechuchumaa mbele ya turubali la Kambale, muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Macho yake yalikuwa kwenye kamera nyeusi, nene kama tofali.

Alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na nywele alizisuka mistari midogo midogo. Miaka mitatu alikuwa akipiga watu picha za pasipoti katika kibanda cha shangazi yake Erina karibu na mpaka, kwa kamera ya shangazi. Sasa alitaka ya kwake.

"Beba, dada," Kambale alimbembeleza. "Hii iko ya Bulaya. Megapikseli iko mingi. Inaona mpaka Beni, kule Kongo."

Rusi alikuwa ameshaona kwamba kila akinyoosha mkono, Kambale anaigeuza kamera ili kioo cha mbele kitazame chini.

"Hicho kioo kiangalie na jua," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la miraba ya bluu limekunjwa mikono hadi kiwiko.

"Nataka kuangalia," Rusi alisema. "Huyu ndiye hataki niangalie."

"Afande, wacha biashara ya batu," Kambale alinung'unika.

"Mimi si afande. Afande ni mama yangu." Kijana aliichukua kamera, akaielekeza juani, akamwinamishia Rusi aone. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe, kama mkate uliosahauliwa kabatini. "Ukungu. Hautoki kwa kitambaa. Picha zako zote zitakuwa kama umepigia jikoni."

"Sasa nichukue gani?"

Alimwonyesha ndogo, kuukuu, rangi imetoka kwenye pembe.

"Hii imechubuka kama goti la mtoto," Rusi alisema.

"Mwili umechubuka, lensi ni nzima. Ni lensi ya hamsini. Haivuti karibu, haisukumi mbali."

"Nikitaka karibu?"

"Si uko na miguu?"

Rusi alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka.

Jina lake lilikuwa Omara. Alifanya kazi katika duka la fotokopi kule Kasese, upande wa Nyamwamba, na Jumamosi alipiga picha za harusi. Walipoondoka pale na kamera kuukuu, alimuuliza picha zake anazisafishia kwa programu gani.

"Kompyuta ya shangazi iko na programu ya wizi. Kila wiki inaomba namba, kisha inajifunga."

"Nitakuletea ingine, inaitwa GIMP. Ni ya bure."

"Ya bure imefichwa nini ndani?"

"Hakuna. Watu wameitengeneza wakaiacha wazi, anayetaka achukue."

"Ni watu gani hao wanafanya kazi bila kulipwa?"

"Watu kama mimi. Nimekuchagulia kamera, umenilipa nini?"

"Namba ya simu," Rusi alisema, kisha akaangalia pembeni kwa aibu.

Programu ilifika wiki iliyofuata ndani ya flashi, na yote ilikuwa Kiingereza. Rusi aliishia darasa la saba. Kiingereza alikijua cha kusalimia na cha kuuzia, basi. Omara akamwambia aache maneno, ashike picha. Ndivyo Rusi alivyochora kila alama katika daftari lake: ndoo ya kumwagia rangi, mkasi wa kukatia, muhuri wa kunakili, plasta ya kuponya ngozi. Kila jioni baada ya kibanda kupungua watu, simu ililia.

"Umefika wapi, sukari?"

"Kwa plasta."

"Chagua mahali pa ngozi safi, kisha pitisha juu ya chunusi."

"Imeondoka. Huyu mzee amekuwa bwana harusi."

"Umefanya kwa tabaka jipya, nakala inayolala juu ya picha? Usiguse la chini. Ukikosea unazima tu alama ya jicho ya lile la juu, picha inarudi kama mwanzo."

"Najua. Ulisema jana na juzi."

"Nasema ili usikate simu."

"Nani amekuambia nataka kukata?"

Kibanda kikaanza kujulikana. Bwera, mtu akisema "nitengeneze", maana yake ni moja: toa madoa, toa mikunjo, ongeza weupe kidogo. Rusi alitengeneza. Walimu, akina mama wa kwaya, vijana wa boda, wote walitoka wamelainika kama wameoga maziwa. Baadhi ya Jumapili alipanda gari hadi Kasese, na Omara alimsubiri kituoni na soda baridi. Wakashuka mtoni Nyamwamba, kwenye mawe makubwa yaliyoachwa na mafuriko, wakapigana picha hadi betri ikaisha. Hapo ndipo Omara alimshika mkono kwa mara ya kwanza, akijifanya anamsaidia kuvuka.

Mwezi wa nane Omara akaja na ombi. Mama yake, Sajini Adong, alikuwa anastaafu polisi, na wenzake wa kambi ya polisi ya Kasese, walikoishi, walitaka picha yake kubwa yenye fremu.

"Nimempiga mimi mwenyewe. Itengeneze vizuri, mpenzi. Ndiyo mara yake ya kwanza kuona kazi yako."

Rusi hakuwa amewahi kumwona huyo mama. Alikaa na picha siku mbili. Shavuni kulikuwa na alama nyeusi inayotokea kivulini, akaipitishia plasta ikapotea. Akalainisha paji la uso, akaongeza weupe. Akaichapa, akaifunga vizuri, akamkabidhi dereva wa Kasese kama anayekabidhi mtoto.

Siku tatu, kimya. Ya nne simu ikalia.

"Mama ameigeuza picha itazame ukuta," Omara alisema.

"Imetoka vibaya?"

"Imetoka vizuri kupita kiasi. Ameniuliza huyu mwanamke ni nani."

"Sielewi."

"Ile kovu, Rusi. Ya shavuni. Waasi walichoma nyumba yetu kule Lira, kaskazini, mimi nikiwa mtoto mchanga ndani. Alirudi kunichukua, paa ikamwangukia. Ile kovu ndiyo mimi. Wewe umeifuta."

"Sikujua. Ulisema nitengeneze."

"Nilimwambia mama msichana huyu anaona kila kitu. Sasa anasema, kama amenifuta kabla hajanijua, akiingia nyumbani itakuwaje?"

"Ungeniambia."

"Ungeuliza. Hata mutu wa darasa la saba anaweza kuuliza."

Rusi alisubiri Omara aliondoe lile neno. Hakuliondoa. Akakata simu, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Shangazi Erina alimwona hali chakula wala haongei. "Ni yule wa kambini?"

"Ni yeye."

"Wacha aende. Wewe ni wa milima, utaolewa na mtu anayejua kuipanda."

Rusi hakucheka. Alifungua kompyuta, akalizima jicho la tabaka la juu, na mama Adong akarudi na shavu lake. Safari hii hakuangalia ngozi. Aliangalia picha nzima, kama alivyozoea kuwaangalia watu foleni ikiwa ndefu. Mama alikuwa amegeuzwa uso upande mmoja. Dirisha lilikuwa upande ule mwingine. Kovu zima lilikuwa limezamishwa gizani, na kilichochungulia kilikuwa ncha yake tu.

Akafungua picha nyingine Omara alizowahi kumtumia kwenye simu. Mama kanisani: upande ule ule. Mama na kuku wake: ule ule. Mama na sare, kofia imeshushwa. Upande ule ule.

Jumamosi asubuhi alivaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akaitia kamera mkobani, akaenda Kasese bila kumpigia mtu.

"Simama hapo," askari wa getini alimwamuru. "Unatafuta nani?"

"Mama Adong, afande."

"Wewe ni nani wake?"

Rusi alifikiri. "Mimi ndiye niliharibu picha yake."

Askari alimtazama juu hadi chini, akacheka, akamfungulia. Kumbe kambi nzima ilishajua.

Mama Adong alikuwa kwenye kiti cha mbao mlangoni, akipepeta simsim, ufuta wa kwao. Kovu lilitoka chini ya jicho hadi shingoni, pana, linang'aa kama barabara iliyonyeshewa. Rusi alipiga magoti akamsalimia.

"Inuka. Wewe ndiye ulinipa sura ya bibi harusi?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kukupiga tena, kama utakubali."

"Na ile plasta ya kompyuta?"

"Nimeiacha Bwera."

Mama aliendelea kupepeta. Punje chache zilimwangukia Rusi miguuni, hakusogea.

"Nikae namna gani?" mama aliuliza mwishowe.

"Namna unapenda."

Mama aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akauelekeza uso wote mbele, kovu likitazama mwanga wa mlangoni. Rusi alikaribia, hatua moja, nyingine, hadi akasikia harufu ya simsim kwenye nguo zake. Akapiga mara tatu, akamwonyesha kioo cha nyuma ya kamera.

Mama Adong aliishika kamera kwa muda mrefu.

"Huyu namjua," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mtoto wangu hunipiga upande wa huku tu. Miaka yote. Sijamuuliza. Nilidhani anaona aibu."

"Si aibu, mama," sauti ilisema kutoka pembeni.

Omara alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mfuko wa mkate mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Basi ni nini?" mama aliuliza. "Jibu."

"Nikiiona, naumia. Naona ni mimi nilikuchoma."

"Wewe ulikuwa na miezi minne. Ungechoma nini?" Mama alimnyang'anya mkate. "Kaa hapa. Si upande huo. Huku."

Alikaa upande wa kovu. Rusi aliwapiga wawili, na kupitia lile tundu dogo la kamera aliona Omara akilitazama shavu la mama yake, kisha akimtazama yeye.

Mama alipoingia ndani kuchemsha chai, Omara alibaki ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye nilianza kuifuta," alisema. "Wewe ulimalizia tu."

"Niliona."

"Na lile neno la darasa la saba. Nilisema kwa hasira. Nililijua baya likiwa bado mdomoni, nikalitoa. Nisamehe, Rusi."

"Siku tano hukupiga simu."

"Nilipiga kila siku. Nikakata kabla haijalia."

Rusi alitaka kukaza uso, ukamshinda. "Mutu mzima kama wewe."

"Baba yako yuko nyumbani kesho?" Omara aliuliza ghafla. "Nataka nije na wazee."

"Kwa sababu ya picha moja?"

"Kwa sababu umekuja peke yako mpaka getini, na ukamwambia askari ukweli. Ameshanipigia simu."

Mama Adong alitoka na vikombe vitatu. "Bwera wanataka mahari gani? Sisi hupeleka ng'ombe."

"Kwetu ni mbuzi, mama," Rusi alisema. "Ng'ombe atachoka kabla hajafika kwetu juu mlimani."

"Mbuzi basi. Omara, umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Rusi alipokea chai kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto na tamu sana.

"Kesho usije," alimwambia Omara. "Jumapili baba yuko kanisani hadi jua lizame, na akirudi anataka kulala. Njoo Jumamosi ijayo. Mimi nitakuwa nimeshamwambia."