Simu Isiyolia Mara ya Pili

Jumatatu ile ya Julai ilianza kama Jumatatu nyingine yoyote ya Moshi: baridi, chai, na mlima umejifunika. Eliona, dada wa ukoo wetu kwa upande wa mama, alifungua ofisi ya kampuni ya kupandisha watalii, akafuta vumbi mezani, akaketi mbele ya simu yake. Miaka yote aliyokaa pale, simu ile haikuwahi kulia mara mbili. Ikilia mara moja tu, keshainyanyua. "Karibu," angesema, na mgeni aliyeko ng'ambo akajiona ameshafika.

Sakafuni, kati ya nyaya, Kindness alikuwa amepiga magoti. Mtoto wa baba mdogo wa Eliona huyo, ametoka chuo Dar mwaka uleule wa 2008. Eliona mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

"Mdogo wangu, hilo sanduku litataka na chakula cha mchana?"

"Hii ni seva, dada. Haili, wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani."

Akamweleza. Njia ya ndani itaunganisha Moshi na ofisi ndogo ya Marangu kupitia mtandao, wapigiane bure kama watu wa nyumba moja. Njia ya nje itaiunganisha seva na kampuni ya simu, na kupitia hapo, dunia nzima. Seva itakaa katikati kama mlinzi wa geti: nani apite, aende kwa nani. Na itapokea simu yenyewe, kwa sauti iliyorekodiwa.

"Sauti ya nani?"

Aliyejibu ni mkurugenzi, Filemon. Aliwarekodi wote wawili, akasikiliza huku ameegemea mlango, akacheka. "Ya Kindness ina asali. Eliona, mama, wewe utatusaidia stoo. Mahema yanataka mtu mzima."

Watu wa Rau, hapahapa Moshi, wanaosimulia kisa hiki husema, aa, wivu wa wanawake tu. Nawashangaa. Aliyeweka kiti kimoja mbele ya watu wawili hawamtaji.

Lakini wivu ulikuwepo, tusidanganyane. Neno lile "karibu", na namna ya kulivuta mwishoni kama mtu anayemvutia mgeni kiti, Eliona ndiye aliyemfundisha Kindness. Sasa alilisikia likitoka kwenye sanduku kutwa nzima, yeye akiwa stoo anakunja mahema yanayonuka jasho la wengine. Lilimchoma kooni kama pombe ya mbege iliyochacha.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda kijijini kwao Mbokomu. Nyuma ya nyumba, mgombani, lipo kaburi la shangazi Elinipendo, limezungushiwa mimea ya masale. Kila mtoto wa boma lile amekua na habari zake: aliitwa jina lake mara moja tu kutoka mgombani, akaitika abee, na tangu siku hiyo mpaka anakufa hakutamka neno. Ndiyo maana kwao huitiki mpaka uitwe mara ya pili. Aliye hai huita tena.

Jani la isale Wachagga hulifunga fundo kuombea msamaha. Eliona alikata moja pale kaburini, akalifunga fundo moja kwa mkono wa kushoto, akanong'ona, "Shangazi, wewe hukuachiwa sauti. Chukua ya Kindness."

Masale yote yakatikisika. Upepo haukuwepo.

Kesho yake alilifunga nyuma ya seva, kwenye waya wa njia ya ndani.

Kabla ya chai ya saa nne, Kindness alifungua mdomo kusalimia wageni, ikatoka hewa tupu. Hospitalini walimmulika koo, wakasema ni zima. Na seva nayo ikawa inapokea simu, kisha kimya. Kindness aliihangaikia siku nzima, machozi yakidondokea kibodi. Filemon akamrudisha Eliona mezani.

"Karibu," Eliona alisema kwenye simu ya kwanza. Alimtazama mdogo wake machoni wakati analisema.

Alhamisi ukungu ulishuka mpaka mjini. Ilikuwa mchana, lakini ofisi ilikuwa na giza. Umeme ukakatika. Taa za seva zikazima, moja moja. Filemon alitoka kutafuta mafuta ya jenereta. Wakabaki wawili.

Simu ikalia.

Kindness akageuka. Akaonyesha seva: imekufa. Akaonyesha waya wa simu: hauna umeme. Akainua vidole viwili. Ngoja. Ngoja ilie mara ya pili.

Lakini mkono una mazoea yake. Eliona alishanyanyua.

"Karibu," ilisema sauti ya asali, sauti ya Kindness, karibu mno na sikio. "Uliye nje, bonyeza moja. Uliye ndani, itika."

Kimya. Kisha migomba ikasikika ikipapasana, humohumo ndani ya simu.

"Eliona," akaita mwanamke mzee. Taratibu. Mara moja.

Eliona aliuma midomo. Akasubiri jina la pili. Halikuja. Kitu ndani ya koo lake, kitu kilicholelewa kwa adabu tangu utotoni, kikaitika chenyewe.

"Abee, shangazi."

"Dada," Kindness akasema nyuma yake, kwa sauti. "Dada, ni nani huyo?"

Eliona alifungua mdomo amjibu.

Anaishi Mbokomu sasa. Watoto humwita mara mbili, mara tatu; yeye hugeuka tu, haitiki. Lile jani Kindness alilikuta nyuma ya seva siku ileile, bichi kama limekatwa asubuhi, na lina mafundo mawili.

Filemon aliitupa seva ile, akanunua nyingine. Nyaya mpya. Salamu ikarekodiwa upya, Kindness akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa. Wageni wa ng'ambo huisifia sana. Hasa, wanasema, yule mama wa pili, anayeitika abee kwa mbali kila Kindness anapomaliza kusema karibu.