Breki za Kuazima

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi, na ngazi za mahakama zilikuwa zinateleza.

"Breki zilikuwa nzima, mheshimiwa. Nilizikagua mimi mwenyewe."

Aliyesema hivyo ni mdogo wangu wa tumbo moja!

Na aliyekuwa kizimbani ni mume wangu...

Ndugu zangu mnaosoma, nilihisi masikio yanaziba.

Mume wangu ni dereva wa basi. Mdogo wangu, wanayemwita Spana, ni fundi wa kampuni hiyo hiyo. Mwezi uliopita basi la mume wangu lilipitiliza kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, likamuua binti wa shule. Mume wangu alisema breki zilikataa. Kampuni ikasema ni uzembe wake na mwendo kasi.

Tulimtegemea Spana aseme ukweli. Kumbe tulikuwa tumeegemea ukuta wa karatasi!

Hakimu akaahirisha. Kesho ni zamu ya mashahidi wetu, na wa kwanza ni mimi.

Ukumbini watu walikuwa wanabishana.

"Basi lilikuwa na stika ya ukaguzi wa serikali kiooni pale," alisema mzee mmoja.

"Kwani stika ndiyo inayosimamisha gari, baba?" mama mmoja akamjibu.

Watu wakacheka. Mimi nilipita nikamfuata Spana nyuma, kwenye bomba la maji.

"Nitazame usoni."

"Dada, si hapa..."

"Hapa hapa! Ulinyonya ziwa moja na mimi au ulinyonya sumu?"

Alinawa mikono iliyokuwa safi. Akanawa tena.

"Siku ile basi jingine lilikuwa linapelekwa kukaguliwa, na breki zake zilikuwa zimekwisha. Bosi akasema tufanye kama kawaida."

"Kawaida gani?"

"Tunaazimisha, dada. Tunafungua breki nzima za basi moja, tunalifungia linalokwenda ukaguzi. Likirudi na stika yake, tunarudisha."

"Na lile mlilolivua?"

"Hubaki gereji. Lakini siku ile abiria walijaa. Bosi akasema tulifungie zile chakavu, litoke hivyo hivyo."

"Lilikuwa la mume wangu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Halafu umeshika kitabu kitakatifu, ukaapa, ukadanganya!"

"Nikisema kweli nafungwa! Nilizifungua kwa mikono hii." Sauti yake ikashuka. "Na kabla hujanilaani, kamuulize shemeji... ni nani aliyenishikia tochi chini ya basi."

Jamani. Nilimwacha pale pale bombani, nikaenda mahabusu.

Askari wa mahabusu alinionea huruma, akaniacha nisogee kwenye nondo. Mume wangu alipouona uso wangu, alijua.

"Ulimshikia tochi?"

Akageuzia uso ukutani.

"Baba watoto, nakuuliza wewe!"

"Ningekataa, funguo angepewa mwingine. Nikajiambia nitakwenda polepole, nitafika tu."

"Na yule binti?"

"Nilimwona..." Alifunga macho. "Alikuwa kwenye mistari kabisa, anavuka kwa haki yake. Nilikanyaga mpaka mguu ukagonga chini. Basi halikusikia."

Tukalia wote wawili, nondo katikati yetu.

Kisha akaninong'oneza, "Kesho sema breki zilikataa, basi. Ya tochi yaache. Watoto wasikose baba na mjomba kwa mkupuo."

Nilikwenda chini ya ngazi, nikapiga magoti. Nimejiunga na masomo ya jioni nikiwa mtu mzima, na bado naandika polepole, lakini kuomba nimeomba tangu utotoni. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia ya kumtoa mume wangu bila kusema uongo.

Sikuonyeshwa.

Rafiki unayesoma, tunailaumu serikali kwa stika zake na makampuni kwa tamaa yao, na lawama wanastahili. Lakini bosi yule hajawahi kuingia chini ya basi. Waliingia wangu.

Nilipoinuka, nilimwona mama wa marehemu kwenye benchi, ameshika mkoba wa shule wa mwanawe. Tangu kesi ianze hatujawahi kusalimiana.

Nilimwendea. Kaka yake akasimama mbele yangu.

"Umefuata nini? Hamjatosheka?"

"Mwache aseme," alisema yule mama, bila kunitazama.

Wakili wetu alinivuta mkono. Nikautoa. Spana alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimdondoka vidoleni.

Nikasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Mama, mbele ya ndugu zako, mbele ya wakili wetu na mdogo wangu yule pale, nakuahidi. Kesho nitasema ni nani aliyeamuru, ni nani aliyefungua breki, na ni nani aliyeshika tochi. Na huyo wa tochi nitamtaja ingawa ni baba wa watoto wangu."