Taa ya Kijani

Kitulizi, mashine ya kutia ganzi, kilimaliza kazi yake mgongoni mwa Zawena kwa sekunde kumi na moja. Mkono wa chuma uliingiza sindano, ukasimama kabla ya utando unaofunika uti wa mgongo, ukapitisha mrija mwembamba kama uzi. Mtoto huyo wa miaka sita, aliyelazwa usingizi kwa upasuaji wa figo, hakujua lolote. Alipoamka, mashine iliendelea kumdondoshea ganzi huku ikisoma uso wake, mapigo ya moyo na misogeo ya miguu. Akikunja uso, iliongeza dozi. Akitulia, iliwasha taa ya kijani.

Dkt. Theopista Rwehumbiza, aliyekibuni, alijivunia takwimu tu: watoto elfu nne katika hospitali ile ya Dodoma, madhara makubwa sifuri.

Saa nane mchana Sista Anyelwisye alimwita wodini.

"Daktari, huyu bwana wako wa chuma anasema mambo shwari. Mimi nasema miguu haichezi."

"Umepimaje?"

"Nimemwekea mpira apige teke. Wote wa zamu yangu nawafanyia, kila saa. Vijana wenu wananicheka, eti ligi ya Sista."

Theopista alifunua shuka. "Zawena, inua goti."

"Limelala," alisema mtoto. "Nimeliamsha, halitaki."

Dozi ile ilipaswa kuzima maumivu ya tumbo, si miguu. Ama ganzi ilikuwa imezidi, ama damu ilikuwa imevuja na inakandamiza uti wa mgongo. Ganzi huisha yenyewe. Damu ikicheleweshwa, mtoto hatembei tena.

Alizima pampu ya ganzi.

"Unamwacha mwanangu aumwe?" aliuliza mama yake Zawena, kando ya kitanda.

"Atapata dawa ya mshipani, mama, lakini haitamaliza maumivu yote. Lazima ganzi imtoke ili nijue. Miguu isiporudi ifikapo saa kumi na mbili, tutakuwa tumeshampiga picha ya mgongo na yuko chumba cha upasuaji."

Mama alivuta kiti. "Basi nitamshika."

Saa tisa, hakuna kitu. Saa kumi, hakuna. Theopista aliagiza chumba cha picha kiandaliwe. Saa kumi na nusu Zawena alianza kulia kwa maumivu. Sista aliusogeza mpira, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikausukuma. Kisha cha kulia.

"Goli," alisema Sista.

Theopista alikuwa ameshafungua programu ya Kitulizi. Sharti la taa ya kijani aliliandika mwenyewe: asiyesogeza miguu ahesabiwe ametulia, kwa kuwa anayejirusha huchomoa mrija. Aliuliza kumbukumbu ni wangapi walikaa kwa muda wa saa sita bila kusogeza mguu, taa ikiwa kijani. Kumi na tisa. Kumi na sita walitoka wakitembea. Watatu, wadogo kuliko wote, waliruhusiwa wakiwa wamebebwa mgongoni, kama watoto wengi wa umri wao wanavyotoka hospitali. Kliniki hawakurudi. Mashine iliandika: wamepona.

Alizima Vitulizi vya jengo zima, akaagiza kila wodi ipewe mpira. Kisha akapiga simu ya kwanza kati ya tatu.

"Mama Kulwa? Ni Daktari Theopista, wa hospitali ya watoto. Kulwa anatembeaje siku hizi?"



"Nani kakwambia anatembea?"

Theopista alichukua kalamu.

"Niambie mnakaa wapi, mama. Nakuja leo."