Bikoni Namba Tatu

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa Esteria alivuta futi kamba kwenye njia ya kuingilia viwanja vyao, mtaa wa Picha ya Ndege, akapata mita nne. Akavuta tena, akapata zile zile. Alhamisi zilikuwa sita.

Saa nne Laurensia alikuwa amefika, mashine ya kupimia begani, goti la kulia likimsumbua kama kawaida. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpima ardhi wa kujitegemea, na viwanja vilikuwa vimemchosha. Miaka thelathini ya kuamua ugomvi wa watu wazima juu ya upana wa mkeka ilimtosha kabisa. Lakini shamba hili alilikata viwanja yeye, miaka sita iliyopita, na mhuri kwenye ramani ulikuwa wake.

"Jumatatu saa tatu mkaguzi anakuja kwa ajili ya kibali cha ujenzi," Esteria alisema. Alikuwa muuguzi, katoka zamu, bado yuko na sare. "Kiwanja changu kiko nyuma, mama. Sina mlango mwingine ila hii njia ya binafsi. Ikiwa chini ya mita sita, kibali sipati. Nimehama nyumba za kupanga mara nne na wanangu. Sina nguvu ya mara ya tano."

Laurensia alichutama polepole. Bikoni namba tatu, jiwe la mpaka la zege lenye nondo katikati, ilikuwa imesogezwa mita mbili kuingia njiani. Namba mbili na namba nne zilikuwa mahali pake, hatua kumi kila upande. Shimo la zamani lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa kwa adabu. Alama za tairi za lori la kokoto zilipita kati ya shimo hilo na jiwe. Juu ya alama hizo mtu alikuwa amepanda miche miwili ya mrehani, udongo wake ungali na maji.

Alifungua daftari lake la miaka ile. Kando ya namba tatu alikuwa ameandika: "Bibi anaomba tupinde hapa. Nimekataa." Wazee wengi huomba hivyo. Akalifunga.

Alianza na Ephraim, mwenye kiwanja cha kushoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana kunufaika.

"Mpaka wako umekua tangu Alhamisi, bwana Ephraim."

"Umeuona ukuta wangu?" Ephraim alijibu bila hata kusimama. "Nimeujenga mwezi wa pili, kwenye mstari wako wewe. Ardhi ya nje ya ukuta nitaifanyia nini? Halafu jana nilikuwa dukani Mlandizi tangu asubuhi."

Hilo halikuwa na ubishi. Laurensia akavuka kwenda kwa Mahona, mfugaji, ambaye zizi lake lilikuwa upande wa kulia. Mtaa mzima ulijua kwamba Alhamisi aligombana na dereva aliyemletea Esteria kokoto.

"Lori lilitisha ng'ombe wangu, nikamtukana, kweli," Mahona alisema. "Lakini na mimi lori langu la ng'ombe linapita hapo hapo. Nijizibie njia mwenyewe?"

"Jana ulimwona nani hapa?"

"Salehe, yule aliyetuuzia shamba. Saa saba mchana, amevaa kanzu, ana chepe na ndoo. Nikashangaa, maana wenzake walikuwa msikitini. Nikadhani wewe umemtuma."

Laurensia alirudi kwenye bikoni akasimama muda mrefu. Mwizi wa ardhi husogeza mawe yote, apate mstari mzima. Huyu alisogeza moja tu, la katikati. Hakuwa anachukua kitu, alikuwa anakikwepa. Akaitazama mirehani, akatoa tena daftari lake, na safari hii akajisikia vibaya.

Jumapili saa tano alikuwa Kisarawe, uani kwa Salehe. Mama wa Salehe, Mwanaamina, alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpimaji wetu. Umezeeka."

"Nimezeeka kweli." Laurensia alimgeukia Salehe. "Bikoni uliisogeza Ijumaa, saa saba mchana."

"Nani kasema?"

"Mahona alikuona. Na hata asingekuona, uliacha namba mbili na namba nne, ukakinga sehemu ya kumtosha mtu mmoja, tena mdogo. Halafu ukampandia mrehani, kama makaburini. Ni nani pale?"

Aliyejibu ni mama yake.

"Kudra. Kitinda mimba wangu. Hakufikisha siku arobaini."

"Tulipouza sikumwambia mtu," Salehe alisema. "Shamba lenye kaburi nani atalinunua? Nikasema njia ni ya miguu tu, watu watapita pembeni. Alhamisi nimepita, nakuta tairi la lori limekanyaga juu ya mdogo wangu. Sikutaka ardhi ya mtu, dada."

"Esteria anakosa nyumba kwa ajili hiyo."

"Najua," alisema, macho chini.

Laurensia alimgeukia Mwanaamina. "Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikuambia upinde. Ukasema mstari ni mstari. Ungeuliza kwa nini, ningesema, japo huyu alikuwa ananifinya mkono."

Aibu ilimpata Laurensia, akashindwa kuificha.

Saa kumi alikuwa kwa Mahona, pamoja na Salehe, akamweleza Mahona yote, akaomba mita mbili za zizi ili njia ilizunguke kaburi. Mahona aliuliza jambo moja tu: kama ni kweli ni mtoto. Kisha akaanza kung'oa nguzo, na Salehe akashika chepe.

Jumatatu saa tatu mkaguzi alivuta futi kamba: mita sita, mwanzo hadi mwisho. Laurensia akampa mchoro mpya, sahihi ya Mahona, na barua ya kukiri kwamba kosa la upimaji lilikuwa lake. Mkaguzi akasema ramani irekebishwe kwanza, kibali kitafuata mwezi ujao. Esteria aliketi juu ya matofali yake akalia kidogo, kisha akaenda kumlipa fundi.

Mwanaamina alikuwa ameletwa, yuko kwenye kigoda karibu na mirehani, anaitazama njia inavyozunguka.

"Kumbe mstari unapinda," alisema.

"Unapinda, mama," Laurensia alisema. "Nilichelewa kukuuliza."