Punje Iliyobaki Kisahanini

Sauti ilianza alasiri ya Jumapili, mvua ikipiga mabati ya Kitendaguro. Mtu alikuwa anatafuna, polepole, kama mgeni asiye na haraka ya kurudi kwake. Riyadhi aligeuka akatazama kiti kilichokuwa nyuma yake. Kilikuwa kitupu. Akairudia kompyuta yake, maana Riyadhi alikuwa msomi, na alishaamua zamani kwamba asichokielewa yeye hakipo.

Tumseme kidogo msomi huyu, kwa kuwa yeye alimsema kila mtu. Alikuwa ofisa takwimu katika ofisi moja ya Bukoba mjini, na kwa sababu alijua kuandika fomula ndefu kwenye Excel, aliamini binadamu wengine waliumbwa ili wamsikilize. Kila jioni bahati nasibu ilitangaza namba redioni, naye akaiingiza kwenye safu yake, miaka nenda miaka rudi, akizipaka rangi, akitoa hii kwa ile, akitafuta mpangilio wa kumjazia seli ya mwisho, kisanduku cha namba ya kesho. Namba ya jana haina habari na ya kesho; hata binti yake Rahima, wa chekechea, angeweza kumwambia hivyo. Lakini waliocheza kwa kufuata ndoto zao Riyadhi aliwaita mbumbumbu. Yeye hakuota, alikokotoa. Na hakuwahi kupatia hata mara moja.

Mkewe, Nasma, alichungulia mlangoni. "Baba Rahima, nani anatafuna humu?"

"Jini," alijibu Riyadhi, akaangua kicheko. Akachukua kisahani cha akamwani, zile kahawa za kuchemsha na kukausha ambazo hakuna mgeni wa Kihaya anayeketi bila kupewa, akakisogeza mpaka mbele ya kiti kitupu. "Karibu mgeni wangu, waitu," alisema, akiigiza heshima ya Kihaya. "Tafuna. Ukishiba, unijazie seli ya mwisho."

"Akamwani hazifanyiwi mzaha," Nasma alinong'ona.

"Nenda kapike, mama."

Asubuhi seli ya mwisho ilikuwa imejaa. Kisahanini tunda moja la kahawa lilikuwa limepasuliwa; punje moja haikuwepo, na ya pili ilikuwa imewekwa ukingoni, upande wa Riyadhi, ina wekundu kidogo. Aliitupia mdomoni huku akitafuta funguo zake. Ilikuwa na chumvichumvi. Jioni redio ikataja namba ileile iliyokuwa kwenye seli.

Mwenye akili zake angeizima kompyuta akaenda kuswali. Riyadhi alikwenda kazini kutamba. "Ni hesabu tu," alimwambia Karugendo, waliyekaa naye meza moja. "Nyie endeleeni na ndoto zenu." Kila asubuhi seli ilijaa, na kila jioni redio ilikubali, wala hakujiuliza kwa nini alipatia ghafla ilhali fomula zake hazikuwa zimeguswa.

Harufu nayo ikaja, ya maganda ya kahawa yaliyooza na tope la ziwani, ikakaa kwenye mapazia, ikahamia kwenye nguo, ikamfuata Nasma jikoni na kwenye mkeka wa kuswalia, na kila aliposimama aliisikia ile sauti ya kutafuna ikisogea kutoka chumba cha kompyuta hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi kwenye mlango wa mtoto, na hapo ikatulia, ikitafuna taratibu, mpaka akawa haingii chumbani kwa mwanawe bila kushika ukuta.

Siku moja wakila, Rahima alikataa ndizi. "Baba mdogo amenipa kahawa. Nimeshiba."

Riyadhi alikuwa mtoto wa pekee kwa mama yake na baba yake. "Baba mdogo yupi?"

"Anayekaa nyuma yako, baba. Amesema nitakwenda kukaa kwake."

Nasma hakungoja kumaliza kula. Kesho yake walikuwa Kagoma, wilayani Muleba, mbele ya Maalimu Ismail, aliyejulikana kwa kutoa majini. Riyadhi aliutazama mkeka wa Maalimu, umechanika pembeni, akaona hapo hapana elimu.

Maalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Tunda lilikuwa moja? Yeye punje yake, wewe yako?"

"Ndiyo. Ilikuwa kahawa tu."

"Na ladha yake?"

"Chumvi."

"Damu," Maalimu alisema kwa sauti ya chini. "Wazee wakitaka kuwa ndugu, walipasua tunda moja, wakapaka damu, kila mtu akatafuna punje ya mwenzake. Omukago. Mwanangu, jini mvamizi ninamtoa kabla chai haijapoa. Huyu hakuvamia. Ulimkaribisha, mkala pamoja. Ni ndugu yako. Wewe ulimwomba namba akakupa. Yeye anaomba mtoto akamlee, kama ndugu wanavyoombana."

Nasma alimkumbatia Rahima, akaanza kulia bila sauti.

"Mrudishie alichokupa. Futa namba zote, isibaki hata moja. Kisha useme mbele ya mkeo kwamba hukukokotoa kitu, ulipewa."

Riyadhi alimpenda binti yake, hilo tumpe. Alifungua kompyuta waliyokuja nayo, akafuta, wote wakiona. Alisema pia, lakini kwa meno yaliyofungwa, kama anayelipishwa faini. Maalimu akafukiza ubani, akasoma, na waliporudi Kitendaguro nyumba ilinukia sabuni na ndizi. Hakuna kilichotafuna. Nasma akalala usingizi wa kweli.

Ila mfukoni mwa Riyadhi, pamoja na funguo, ilikuwemo flashi yenye nakala ya kila namba. Hakuihifadhi kwa tamaa. Aliihifadhi kwa dharau, kwa kuwa haikumwingia akilini kwamba mzee wa mkeka uliochanika angeweza kumfutisha kazi yake.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, jua likiwaka, aliichomeka ofisini. Seli ya mwisho ilikuwa tupu. "Unaona?" alimwambia Karugendo. "Hakuna jini wala nini."

Nyuma yake mtu akaanza kutafuna.

Seli ikajaa. Safari hii haikuwa namba. Yalikuwa maneno mawili: *Asante, kaka.*

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu Joyness wa chekechea, mchangamfu kama kawaida. "Habari, Baba Rahima. Nilitaka tu kukujulisha, mdogo wako ameshamchukua mtoto. Mmefanana jamani, kama pacha. Rahima mwenyewe alimkimbilia."

Alipofika nyumbani alimkuta Nasma ameketi sakafuni, kiatu kimoja cha Rahima mapajani. Nasma alikuwa ameshakwenda shuleni kumtafuta, ameshazunguka mtaa mzima. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe kwa dharau ileile aliyoizoea kutoka kwake.

"Wewe si ndiye unayejua kinachofuata?" alisema. "Haya. Kokotoa."

Na yule mjinga alikaa kwenye kompyuta, akaandika fomula baada ya fomula. Kila seli ilibaki tupu. Kwenye kisahani kando yake tunda jipya la kahawa lilikuwa limepasuliwa, na punje zote mbili hazikuwepo.