Kitufe cha "Baadaye"

Tik-tik-tik. Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika ulianza kucheza juu ya sigiri. Katika nyumba yake ndogo ya Bugembe, Jaja Nabirye alivaa visikilizi vya simu, akatabasamu.

"Birika linaniita," alisema.

Mjukuu wake Khainza, mwenye miaka kumi na miwili, aliyapenda maneno hayo ya bibi yake. Tangu aletwe kutoka Namatala, Mbale, mama yake alipopata kazi ya mbali, walikuwa wawili tu. Masikio ya Jaja yalikuwa mazito, lakini programu ya zamani katika simu yake ilimkuzia sauti. Kila jioni simu ilipouliza kama iwekewe mfumo mpya, Jaja alibonyeza "Baadaye". Ndivyo fundi wake wa simu alivyomwagiza, ili programu yake isikwame.

Jumatano moja Brendah, rafiki wa Khainza, aliiona simu hiyo akacheka. "Hii ni jaja wa simu zote! Hata michezo haiingii!"

Khainza aliona aibu. Jaja alipokwenda kuchuma mboga, akabonyeza "Weka sasa". Simu ilizimika, ikawaka na rangi mpya. Lakini programu ya Jaja haikufunguka tena.

Alfajiri iliyofuata birika lilicheza mpaka maji yakakauka. Jaja alikuwa ameketi karibu nalo, visikilizi masikioni.

"Basi, masikio yangu yamekufa kabisa," alisema polepole.

Khainza akalijaza birika maji upya, bila kumwambia ukweli.

Tangu hapo nyumba ikapoa. Khainza akisimulia mambo ya shule, Jaja alitabasamu mahali pasipochekesha. Jumapili hakwenda kanisani. "Nitakaa kama gogo, wenzangu wakiimba," alisema. Hata hivyo, jioni alimwekea Khainza kiazi kikubwa kuliko chake, kama kawaida. Kisha akampa simu.

"Ichukue, mjukuu wangu. Mimi hainifai tena."

Khainza alikiweka kiazi chini. Kwenye kioo, simu ilikuwa ikiuliza tena: kulikuwa na toleo jingine, jipya zaidi. Safari hii alibonyeza "Baadaye". Akafungua daftari, akaandika: "Jaja, masikio yako hayajafa. Ni mimi niliyebadilisha mfumo wa simu. Nisamehe."

Jaja alisoma kwa kidole, neno kwa neno, mara mbili. Akamfuta Khainza machozi kwa pindo la vazi lake refu la gomesi.

"Kesho ukitoka shule, twende Jinja kwa fundi."

Fundi alikuwa Mzee Navjot, Singasinga mwenye kilemba cha buluu. Alifanya kazi peke yake, chini ya picha za watoto wake waliohamia ng'ambo.

"Nani aliyeweka mfumo huu?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Na toleo la pili?"

"Hapana. Nilibonyeza 'Baadaye'."

Mzee Navjot alishusha pumzi. "Afadhali! Mfumo wa zamani nimeuhifadhi kwenye kompyuta yangu. Kutoka toleo la kwanza, simu bado inakubali kurudi nyuma. Lile la pili lingeifunga njia hiyo, hata mimi nisingeweza kufanya kitu."

Alinakili kwanza picha za Jaja, kwa sababu kurudisha mfumo hufuta kila kitu. Walipokuwa wakingoja, aliwamiminia chai mwenyewe, akampa Jaja kiti chake chenye mto. Baada ya saa nzima, Jaja alivaa visikilizi.

"Jaja?" Khainza aliita.

"Naam, mwanangu! Nimekusikia!" Jaja alimshika mkono. "Sasa na wewe nisikie. Kubonyeza bila ruhusa lilikuwa kosa. Kuniacha niamini masikio yangu yamekufa, hilo lilikuwa kubwa zaidi. Ukikosea, sema mapema, njia ya kurudi ingali wazi."

"Nimesikia, Jaja."

Waliaga. Walipofika mlangoni, Mzee Navjot, ameinamia meza yake, alisema jambo kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetarajia kusikiwa. Khainza hakulipata. Jaja ndiye aliyegeuka.

"Umesemaje, bwana?"

Mzee alicheka kwa haya. "Nimesema mje tena, mama. Hata simu ikiwa nzima."