Mstari Mtupu Kwenye Daftari la Jikoni

Saa moja na robo asubuhi, nesi wa zamu aliingia jiko la hospitali akihema. "Wagonjwa kumi na watatu wanaharisha! Jana asubuhi hakuna aliyelalamika tumbo!"

Kufika saa tatu, meneja alishampata mkosaji wake: mama muosha vyombo. Kisa? Ni mgeni, ana wiki mbili tu. "Saa sita aondoke," alimwambia Bibi Afya, mkaguzi aliyeitwa kuchunguza. Maskini, yule mama alisimama kwenye karo machozi yakimdondoka. Ana watoto watatu, na kazi ni hiyo moja.

Bibi Afya si mtu wa kukurupuka. Alipita wodini kitanda kwa kitanda. Jana saa saba mchana, wote kumi na watatu walikula matunda ya kukatwa. Waliokula wali na maharage peke yake walikuwa wazima.

Aliporudi, mpishi mkuu, ambaye jiko zima humwita Baba, alikuwa ameketi akinywa kitu kwenye chupa, kidogo kidogo, uso ameukunja.

"Nani alikata matunda?" Bibi Afya aliuliza.

"Si mimi, haki ya Mungu!" mama akawahi. "Tangu nije sijashika kisu. Mimi na masufuria tu."

"Msaidizi wa mpishi ndiye hukata," meneja akadakia.

"Msaidizi hayupo tangu juzi," Baba alisema taratibu. "Tumbo. Nilimrudisha nyumbani mwenyewe."

Bibi Afya akafungua daftari la mlangoni. Kila asubuhi kila mfanyakazi hujibu: unaharisha au unatapika? Mama aliandika Hapana. Mstari wa Baba ulikuwa mtupu, jana na leo. Akarudisha kurasa za miezi minane. Baba hakuwahi kuruka hata siku moja.

"Baba, kwenye chupa kuna nini?"

"Maji ya chumvi na sukari."

"Tangu lini?"

"Jana alfajiri." Akaweka chupa chini. "Ningefanyaje, mwanangu? Wagonjwa mia na ishirini washinde njaa? Nilinawa kwa sabuni kila nilipotoka chooni. Isipokuwa saa nne, maji yalipokatika. Nilifuta mikono kwa kitambaa, nikashika kisu."

"Wali umepita motoni, Baba. Tunda halipiti."

"Najua. Ndiyo maana mkono ulikataa kuandika Hapana."

Bibi Afya hakumfokea. Alimpa kalamu, naye akaandika Ndiyo kwenye mistari yote miwili.

"Nenda nyumbani. Kuhara kukikoma, hesabu siku mbili ndipo urudi."

"Na chakula cha mchana?" meneja aliuliza, akinyoosha mkono kuchukua aproni.

"Wewe kwanza jaza daftari, kisha unawe," alijibiwa.

Baba akamsogelea muosha vyombo. "Nisamehe, binti yangu. Nilinyamaza kwa aibu. Ungefukuzwa kwa kosa langu."

Mama akafuta machozi kwa kiwiko. "Kalale, Baba. Ukipona, unifundishe kushika kisu."